Mbio fupi, vyuma na kukaa ukutani: mbona mwili unabadilika hivi? Na mzee wa presha je?

kijana_wa_bamburi
Asalam aleikum wanajamii. Mimi nafanya mazoezi ufuoni hapa Bamburi asubuhi kabla jua halijawa kali, maji yakipwa mchanga unakua mgumu hivo napiga mbio za kama mita 60 mara nane, Jumanne na Alhamisi niko kwa vyuma, na siku zengine nafanya ile ya kuegemea ukuta kama umekaa kwa kiti na kiti hakuna. Sasa kwa mbio nahema vibaya sana lakini nikikaa dakika nne hivi niko sawa. Kwa ukuta sihemi hata, ila ikifika dakika moja na nusu mapaja yanawaka moto, miguu inatetemeka na naskia damu inagonga kichwani, na wala sijasogea popote! Inakuaje?
Halafu babangu ana miaka 58, anameza dawa za presha, ameniona na hii ya ukuta anataka tufanye pamoja. Jirani mmoja asema ndio dawa ya presha, mwengine asema ntamuua mzee. Nani mkweli jamani?

fizio_tudor
Waalaikum salaam mdogo wangu. Wote wawili wana ukweli, kila mmoja anaongelea saa yake. Ukikaza paja bila kusogea, misuli inaibana mishipa ya damu iliyo ndani yake, ni kama mtu amekanyaga paipu ya kumwagilia bustani. Damu haipiti vizuri, misuli inalia njaa, moyo nao unasukuma kwa nguvu zaidi kwa hivo presha inapanda, namba ya juu (moyo ukisukuma) na ya chini (moyo ukipumzika) zote. Ukikimbia ni tofauti manake misuli inakaza inalegea inakaza inalegea, yenyewe inasaidia kurudisha damu moyoni, ya juu inapanda lakini ya chini haiendi mbali. Kutetemeka ni nyuzi za misuli zinachoka, ubongo unaita zengine zishike nafasi na haziji kwa mpangilio.
Sasa ukiachilia, damu inarudi kwa kishindo na mishipa inafunguka. Mtu akirudia hivo mara 3 kwa wiki, wiki zikienda presha yake akiwa ametulia inashuka. Mwaka wa 2023 jarida la British Journal of Sports Medicine lilitoa uchambuzi wa majaribio 270 na mazoezi haya ya kukaza bila kusogea ndio yalishusha zaidi, kushinda ya kukimbia na ya vyuma, wastani karibu mmHg 8 kwa ya juu na 4 kwa ya chini.
Lakini mzee asianze kesho! Kwanza daktari anayempa dawa amuone, presha iwe imetulia. Kisha aegemee ukuta juu juu, asishuke mpaka goti liwe pembe mraba kama wewe kijana. Watu wengi hufanya dakika 2 mara 4, na kupumzika kati yake, yeye aanze na sekunde 30. Na ahesabu kwa sauti, mtu anayehesabu hawezi kuziba pumzi.

mama_wa_kisauni
Hapo kwa pumzi nami nataka kusema, naomba msichukulie rahisi. Mwaka jana jim moja nilokua naenda kocha aliniambia niinue chuma kutoka chini na nizibe pumzi ili mgongo uwe imara, mimi nina presha na alikua anajua. Nilipofika juu nikaona nyota, masikio yakaziba, nikaachia chuma nikakaa chini sakafuni jasho la baridi linanitoka. Kuziba pumzi ukiwa umebeba mzigo kunapandisha presha juu sana kwa sekunde chache kisha inaanguka ghafla. Sai nabeba chuma chepesi, natoa pumzi nikiinua, naingiza nikishusha, na niko vizuri alhamdulillahi. Kaka, mzee wako mfundishe hilo kabla ya ukuta.

mwalimu_wa_mbio
Kijana, kwa mbio zako: sekunde kama kumi za kwanza misuli inategemea sana akiba iliyo tayari ndani yake, kreatini fosfeti, haisubiri hewa. Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani 2021 mbio nzima iliishia ndani ya hizo sekunde kumi. Kuhema kunakuja baadaye, mwili unalipa deni, na akiba inarudi kwa dakika 3 hadi 5 ndio maana unaskia uko sawa. Nimeona vijana wanapumzika sekunde 30 wanajiita wanafanya spidi, hiyo si spidi tena, raundi ya nane unakimbia polepole kuliko ya kwanza. Pumzika vizuri.
Na vyuma, usivunjike moyo ukiona nguvu zimeongezeka na mkono ni ule ule. Wiki za kwanza neva ndio zinajifunza kuita nyuzi nyingi kwa pamoja, unene unakuja nyuma.

kijana_wa_bamburi
Shukran sana, wallahi nimeelewa. Nimemsomea baba yote haya, kliniki ni Jumatatu tutauliza. Amekubali kungoja ila saa hii yuko hapo barazani ameegemea ukuta wima kabisa, anahesabu kwa sauti mpaka thalathini, nami nimemwambia asishuke hata kidogo.