Nyumba ya mama Mkomani: kaka ameshapokea arubuni, mama hajaulizwa

BintiMkomani aliandika:

Assalamu alaykum nyote. Naomba ushauri wa wanaojua mambo ya ardhi na mirathi, hasa watu wa Lamu na Malindi, na naomba upesi kwa sababu watu wameshaanza kuja kupima.

Nyumba yenyewe iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, hatua chache juu ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Ni ya mawe, ghorofa mbili, ina daka lake (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), misana miwili (kumbi ndefu), na ndani kuna zidaka, vishubaka vya kupambia, ukuta mzima. Babu mzaa mama alikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, zimeunganishwa na wikio juu ya njia. Mama alipoolewa, babu alimpa hii, kama ilivyo ada ya Lamu kwa binti, yeye na bibi wakahamia ya ng'ambo. Ile ya ng'ambo ikaja kuwa ya mjomba, akabadilisha hati, akaiuza, akahamia Malindi. Aliyeinunua akaliziba wikio kwa matofali ya simenti. Yetu hati haikubadilishwa jina. Mpaka leo imeandikwa jina la babu, na babu alishafariki, bibi akiwa ametangulia. Mjomba naye amefariki, ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu, wote wako Malindi.

Sasa kaka yangu mkubwa ametupigia simu kutwambia kwamba dalali amemletea mnunuzi kutoka Ulaya kwa shilingi milioni 18, na kwamba ameshapokea arubuni ya milioni 1.8 na kutia sahihi. Mama yu hai, ana akili zake timamu, anaishi humo humo, na habari hizi alizipata kwa fundi aliyepanda darini na futi. Akamwuliza, "Unapima nini, mwanangu?" Fundi akadhani anajua.

Sitaki kumwonea kaka. Boriti za msana wa nyuma zimeliwa, chokaa ya ukuta wa kaskazini inabanduka kila kusi, na yeye ndiye aliyekuwa akituma pesa ya matengenezo. Anasema anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba za serikali, tangu sheria ile ya nyumba za bei nafuu ya 2024, na yeye mwenyewe mjini anakofanya kazi bado anapanga. Anasema mtaa mzima umeshauza, sisi tunamlindia nani?

Hilo la mtaa ni kweli na ndilo linaloniumiza. Ukipita Mkomani usiku nje ya msimu wa wageni, milango imefungwa na komeo kwa nje. Nyumba ambazo nilikuwa nikitumwa kupeleka sahani ya futari, sasa kuna mlinzi peke yake. Zimetengenezwa vizuri, sikatai, lakini hakuna mtoto anayeimba kasida ndani yake. Mama akitoka hapo, katika kipande chetu cha njia hatabaki mtu wa kumwamkia mwenziwe asubuhi.

Maswali yangu: kaka ana haki ya kuuza? Na ile karatasi aliyotia sahihi inatufunga?

KaraniMstaafu alijibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi za mawakili hapa pwani mpaka nikastaafu, na faili la namna hii nimelifungua mara nyingi.

Kaka yako hana cha kuuza. Mama yenu yu hai, na mtu hamrithi aliye hai. Kama nyumba ni ya mama, ni ya mama peke yake. Kama ni mirathi ya babu, warithi wa babu ni mama yenu na mjomba wenu, na nyinyi watoto wa mama hamumo kwenye orodha hiyo. Kuwa mwanamume wa kwanza hakumfanyi mtu mwenye mali.

Sasa tuangalie hayo mawili. Ulivyoeleza, babu alitoa hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai. Hiba katika fiqhi inataka mtoaji atamke kwamba ametoa, mpewa akubali, na akabidhiwe kitu katika uhai wa mtoaji. Babu kuhama na kumwachia binti nyumba ni ushahidi mzito wa kukabidhi. Lakini jina halikubadilishwa, kwa hiyo lazima mlithibitishe hilo mbele ya Kadhi kwa mashahidi. Wazee waliohudhuria harusi ile bado wako? Waandikishe sasa. Tafuta pia risiti za kodi ya nyumba inayolipwa serikalini, zenye jina la mama, barua, chochote.

Hiba ikishindikana, basi ni mirathi, na hapo hesabu itawashangaza wengi katika familia yenu. Babu aliacha mwana mmoja na binti mmoja, mkewe ametangulia. Mjomba anachukua mafungu mawili, mama fungu moja. Fungu la mjomba sasa ni la warithi wake: mke thumni (moja ya nane), kinachobaki kwa watoto, mwana mara mbili ya binti. Ukigawa nyumba sehemu 24, mama ana 8, mkazamjomba wenu ana 2, kila mwana wa mjomba 4, kila binti 2. Yaani kwa hiyo milioni 18, mama anapata milioni 6 na milioni 12 zinakwenda Malindi kwa watu ambao kaka yako hata hakuwapigia simu.

Na kabla ya yote hayo, Sheria ya Urithi, kifungu cha 82, inakataza kuuza ardhi au nyumba ya marehemu mpaka hati ya usimamizi wa mirathi ithibitishwe na mahakama. Hata Muislamu, ambaye mafungu yake yanafuata sharia ya dini, taratibu za usimamizi zinamhusu pale zisipopingana na dini yake. Kuthibitishwa kwa kawaida kunangoja miezi 6 tangu hati kutolewa. Sioni popote kwenye maelezo yako kwamba hatua hata moja imefanyika. Aliyepokea arubuni hiyo amepokea pesa ya kitu kisichokuwa mkononi mwake.

JiraniShela alijibu:

Dada, nakuhurumia, lakini niruhusu niseme upande wa pili, maana kila mada kama hii watu huwalaumu wauzaji. Mimi nimeona nyumba za mawe zikianguka. Nyumba ya matumbawe na boriti ikiachwa bila kutengenezwa haingojei warithi wapatane. Kuna nyumba mjini ambazo zingekuwa magofu leo kama asingekuja mgeni na pesa zake. Mji kuandikishwa Urithi wa Dunia mwaka 2001 hakukumletea mwenye nyumba mfuko wa chokaa. Kumemwongezea masharti, kwamba kila anachotaka kubadilisha aombe ruhusa ya Makumbusho ya Taifa, na fundi wa kufuata masharti hayo ni ghali.

Ninachowashauri watu siku hizi ni kutouza moja kwa moja. Mgeni asiye raia, kwa Katiba ya 2010, ibara ya 65, hawezi kumiliki ardhi ya Kenya zaidi ya kukodi miaka 99. Hata mkiandikiana kwamba amenunua milele, sheria inaisoma kama miaka 99. Hata akijificha nyuma ya kampuni, kampuni haihesabiwi raia mpaka iwe ya raia mtupu. Basi ikiwa anachopata ni kukodi tu, mbona msimkodishe kwa muda mnaoutaka nyinyi? Mpeni ghorofa ya juu miaka 10 au 15, mama abaki chini na daka lake, na kwenye mkataba iandikwe kwamba boriti na paa ni juu yake, kwa chokaa na kwa ruhusa. Mkataba unaopita miaka 2 uandikishwe kwa msajili wa ardhi, msiutie kabatini.

Nimeona familia zikifanya hivyo na nyumba ikarudi mikononi mwao ikiwa nzima kuliko walivyoitoa. Nimeona pia mpangaji akiacha kila kitu kioze, kwa sababu mkataba ulikuwa wa mdomo.

FundiChokaa alijibu:

Kuhusu ukuta wa kaskazini tu. Msikubali mtu awapake simenti. Jiwe la matumbawe lina chumvi na linavuta maji. Chokaa inayaachia yatoke, simenti inayafungia ndani, ukuta unaoza huku nje unaonekana mzuri. Banduwa chokaa mbovu yote, acha ukuta ukauke, kisha piga chokaa mpya iliyolowekwa vizuri. Na boriti zilizoliwa si lazima dari lote lishushwe, zinabadilishwa moja moja kwa kutegemeza. Na mtu akiwaambia nyumba imekwisha, mwulizeni alipima na kitu gani.

MamaMalindi alijibu:

Mwenzangu, hati ya babu inasema nini hasa? Huku Malindi tumechoka na kesi za nyumba bila ardhi: mtu anamiliki kuta, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi, na watoto wanagundua siku ya kuuza. Wengine wanakuta baba aliweka waqfu, na waqfu hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Kabla hamjagombana na kaka yenu fanyeni sachi, yaani upekuzi wa hati kwa msajili wa ardhi, mjue mnagombania nini.

BintiMkomani aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Ami karani, nimeyasoma maneno yako kwa sauti mbele ya wadogo zangu na wote walinyamaza, hakuna aliyewahi kutuhesabia hivyo.

Nimempigia mkazamjomba. Sikumwambia chochote kuhusu mafungu, nilimwuliza tu anajua nini kuhusu nyumba ile. Akaniambia, bila kusita, "Hiyo ni ya wifi yangu. Sisi tulipewa ya ng'ambo, tukaila. Mjomba wako hakuwahi kusema ana kitu katika nyumba ya dada yake." Nililia kwenye simu. Mama naye ametoa bahasha ya risiti za kodi ya nyumba, nyingi zina jina lake, nyingine zina jina la babu, ila mlipaji ni yeye.

JiraniShela, sikuchukii kwa uliyosema. Hilo la kukodisha juu nimemweleza mama na hakulikataa. Alisema, "Akae nani, muradi mlango wa chini uwe wazi." Kwake yeye neno kubwa ni daka. Wanawake wa mtaa wanaobaki wanakaa pale baada ya alasiri, na mgeni akijenga geti la chuma kama walivyofanya wengine, watakuwa hawana pa kukaa.

Na kaka? Ameudhika. Anasema pesa nyingine ameshalipia karo ya wanawe, hawezi kuirudisha yote kwa mara moja, na dalali anamtisha kwamba atashtakiwa. Tufanyeje?

KaraniMstaafu alijibu:

Maneno ya mkazamjomba wako ni dhahabu, lakini maneno ya simu hayaingii kwenye faili. Aape kiapo cha maandishi, na watoto wake watu wazima nao, kila mmoja kwa nafsi yake, kwa sababu kila mmoja ana fungu lake na mama hawezi kumtolea mwanawe. Nendeni Malindi kwa adabu, mama yenu aende mwenyewe ikiwa afya inamruhusu. Msitume karatasi kwa basi watie sahihi bila kukaa nao. Mmoja wao akisema anataka haki yake, msimkasirikie, ni yake mpaka Kadhi aseme vingine.

Sachi ifanyike wiki hii. Angalieni namba ya hati. Hati nyingi za zamani za pwani ziliandikishwa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, na faili huenda likawa Mombasa, basi mmoja wenu aende huko. Mkishajua limekaa wapi, mama aombe kizuizi kwa msajili, ili lisisajiliwe lolote bila yeye kujulishwa. Hilo halingoji kesi ya hiba.

Kuhusu arubuni, deni ni la aliyeipokea, si la nyumba wala la mama. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi na sahihi za wanaohusika zishuhudiwe, na hapa mwenye nyumba hakutia sahihi. Lakini msikimbilie kumwacha kaka yenu peke yake, kwa sababu akibanwa atatafuta njia ya kulazimisha. Wakili amwandikie mnunuzi moja kwa moja, si kwa dalali, amweleze kwamba hati ina jina la marehemu na aliyemwuzia hana mamlaka. Mnunuzi mwenye akili akisikia hivyo atataka pesa yake tu na atakubali alipwe kwa vipande. Na akiipenda nyumba kweli, hapo ndipo la JiraniShela la kukodi ghorofa ya juu linaweza kuzungumzwa, na kodi ya mwanzo ikakata sehemu ya deni, ikiwa mama ataridhia na baada ya haki yake kuthibitishwa.

Siku mkifikia kuuza kwa hiari yenu, hesabuni na kodi: muuzaji analipa asilimia 15 ya faida tangu 2023, na mnunuzi analipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini. Madalali huwatajia watu bei tupu.

Mahakama ya Kadhi iko hapo hapo mjini kwenu. Mpeleke mama na bahasha ile ya risiti, na wale wazee wa harusi, hata wakiwa wawili.