Mkaratusi wa majani ya fedha, Bukavu

mama_fleri: Jambo bandugu, niko na paseli kidogo huku juu mlimani, asubuhi baridi kali, nataka mkaratusi wa urembo ule wa majani mviringo ya fedha, si ule wa mbao na makala, utakubali kweli?

mulimaji: Utakubali mama. Tafuta aina ya mkaratusi inaitwa gunnii, kwao ni milima ya Tasmania, kisiwa cha Australia, kule baridi inagandisha maji, yetu ni mchezo tu. Ila ukiuacha urefuke, majani yanageuka marefu kama mundu. Kata shina karibu na chini kila mwaka, machipukizi ndiyo yenye ile rangi.

kijana_wa_bustani: Na usiupande karibu na ukuta ao kisima, unakunywa maji vibaya sana, jirani atakuletea kesi 😂

mama_fleri: Aksanti! Matawi nayo yanafaa mabuke ya maua ya ndoa?

mulimaji: Sana, hata yakikauka.