Mrejesho: ratiba ya usafi wa nyumba

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu ratiba ya usafi inayoweza kufuatwa na familia ambayo wazazi wote wawili hurudi kutoka kazini jioni, na wengi mlinishauri nisirundike kazi zote Jumamosi. Sasa kufagia na kuosha vyombo ni kila siku, kudeki kunategemea siku ambayo maji ya bomba yanatoka (mgao haujali kalenda), na choo husuguliwa Jumatano na Jumapili. Dawa ya choo yenye asidi tumeitenga kabisa na jiki, kwa kuwa zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Kinachosumbua bado ni mashuka, ambayo vijana huyasahau mpaka mama yao apaze sauti.