MREJESHO: Jiko la mtindo wa mashambani Ufaransa

Wakuu, niliuliza kuhusu sakafu na kuta za jiko la nyumba yetu ya zamani hapa Provence, kusini mwa Ufaransa. Asanteni sana kwa michango.

Tumebakiza vigae vya udongo vya pembe sita, vile vinavyoupa sifa mji wa Salernes. Fundi alivisugua, akaviacha vikauke kabisa, ndipo akavipaka mafuta ya mbegu za kitani; wekundu umekolea vizuri mno na madoa hayaingii upesi. Kuta ni za mawe, kwa hiyo tumepaka chokaa ili unyevu upate kutoka. Aliyenishauri niachane na makabati ya juu, ubarikiwe! Rafu za mbao zinatosha, na sufuria za shaba nyekundu tumezitundika. Sinki la jiwe bado tunatafuta.