Basi la London 2022: tulidharauliwa au tunajidharau?

MwanaTanga: Septemba 2022, mazishi ya Malkia Elizabeth: Mama Samia na Ruto wamekaa kwenye basi, Biden kaja na gari lake. Basi halikuniuma. Kilichoniuma ni watu wetu kuishangilia picha ile, kana kwamba walishajua hapo ndipo mahali petu. Je, mataifa yanapangwa madaraja kwa fedha na bunduki tu, au na tunavyojiona pia?

Kipanga: Mfalme wa Japani naye alipanda basi. Mbona hawakulia? Ugonjwa uko vichwani mwetu.

WaNakuru: Kichwani wapi! Japani hiyohiyo, Paris 1919, iliomba usawa wa rangi uandikwe kwenye mkataba wa Shirikisho la Mataifa. Ikapata kura 11 kati ya 17, Rais Wilson wa Marekani akasema lazima wakubali wote. Na manowari walikuwa nazo! Angalau Ruto, rais wetu Wakenya, alilalamikia hayo mabasi hadharani mwaka uliofuata. Ninyi kimya, labda Kiingereza kiliwakwama.

MwanaTanga: Kiingereza kimeingiaje hapa?

Mwalimu wa Arusha: Niachieni mimi. Nimekaa kwenye jopo la usaili hapa mjini. Binti wa uhasibu, vitabu anavijua vizuri, akaanza kwa kuomba radhi kwa Kiingereza chake, maana mwenyekiti katoka Nairobi. Sauti ilimkauka. Aliyemshusha si Mzungu.

Kipanga: Turudi kwenye mada. Mwaka 1965 Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa kutouzima utawala wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi maskini, shingo haikuinama.

MwanaTanga: Na 1968 uhusiano ukarudi, Ian Smith, kiongozi wa walowezi hao, bado yuko Salisbury (Harare ya leo).

WaNakuru: Mwalimu, pole kwa huyo binti. Lakini nani alituita Wakenya manyang'au, yaani mabepari walafi, enzi zenu za Ujamaa? Huko si kujiona juu?

Mwalimu wa Arusha: Tuliwaita, na tulimaanisha. Sabuni ilikuwa haionekani madukani, ila tulijiona wasafi kuliko ninyi. Heshima hiyo ilitushibisha, na sioni aibu kuisema.

WaNakuru: Kumbe! Halafu 1977 mkafunga mpaka, wafanyabiashara wetu wakaumia.

MwanaTanga: Tuliufunga baada ya ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwa letu sote, kubaki Nairobi. Zilikuwa za nani zile?

WaNakuru: Na madeni ya shirika alikuwa analipa nani? Anza hapo.