Tunapita Chennai, Hyderabad na Ahmedabad na mama, tule nini cha wenyewe?

BintiPangani: Wakuu habari za jioni. Mwisho wa Desemba nampeleka mama Chennai kutibiwa goti, daktari akishamruhusu tunapitia Hyderabad kwa mdogo wangu anasoma huko, halafu Ahmedabad, kurudi ni katikati ya mwezi wa kwanza. Kila ninayemuuliza ananitajia biriani, chapati, kuku wa masala, jamani si hata Dar vipo? Nataka kile wenyeji wa mji wenyewe wanachokula. Mama pilipili kali hawezi, na sisi ni Waislamu kwa hiyo kwenye nyama lazima niwe na uhakika. Naombeni ushauri.

Mzee_Kisutu: Dada Chennai amkeni mapema mkale kwenye vimgahawa vya mtaani, asubuhi ndo chakula chao kinanoga. Muanzishie mama pongal, ni wali umepikwa na choroko mpaka ukalainika, una samli, korosho, jira na pilipili manga nzima ambazo anaweza kuzitoa pembeni. Halafu idli, mchele na dali vinasagwa vinalazwa usiku vichachuke, asubuhi vinapikwa kwa mvuke, laini kabisa hata mgonjwa anakula. Na msiondoke bila kahawa yao ya maziwa, inakuja kwenye bilauri ndogo ya chuma imekaa ndani ya kibakuli, unaimimina huku na huku mpaka itoe povu na ipoe kidogo. Mchana ulizeni "meals", wali na mboga kibao juu ya jani la mgomba, unaongezewa mpaka ukatae mwenyewe.

Charminar_Boy: Hapo kwenye biriani nakupinga dada yangu, ya Hyderabad nenda ukaile. Sisi kwetu rojo na wali vinapikwa mbalimbali vinakutana kwenye sahani, wao nyama inawekwa MBICHI chini ya sufuria ikiwa imelala kwenye mtindi na viungo, juu yake mchele ulioiva nusu, mfuniko unazibwa kwa unga uliokandwa mvuke usitoke, moto mdogo mdogo, vyote vinaivia humo humo. Ile harufu wakifungua sijui nikuelezeje. Ila ni kali, mama muagizie raita nyingi, yaani mtindi wa kupooza, na ile mirchi ka salan, mchuzi wa pilipili, muachane nayo. Kaeni mji wa zamani karibu na Charminar, lile jengo la minara minne, Waislamu wengi pale, nyama haitakupa shida. Jioni chai ya Irani, ile nzito ya maziwa, na biskuti za Osmania, zina utamu na chumvi kwa mbali. Haleem, ule uji mzito wa ngano na nyama, ya kweli ni Ramadhani, mtaikosa.

BintiPangani: Mama kasikia habari ya pongal kafurahi kweli 😀 Sasa Ahmedabad je? Naambiwa kule nyama hamna.

Mama_Wawili: Nyama ipo shoga, nendeni Bhatiyar Gali, ni uchochoro wa Waislamu wa vyakula tangu zamani. Ila mimi nakusihi huko Gujarat, jimbo la Ahmedabad, mle majani, ndo utamu wao ulipo. Wahindi wetu wengi wa Dar, Zanzibar na Mombasa asili yao huko, pamoja na wilaya yake ya Kutch, kwa hiyo bhajia na kachori utazitambua tu. Mkiwepo tarehe 14 Januari ni sikukuu yao ya tiara, mji mzima uko juu ya mapaa, na chakula cha siku hiyo ni undhiyu. Viazi vikuu, biringanya, ndizi, maharage mabichi na vidonge vya unga wa dengu na majani ya uwatu, kienyeji kinapikwa kwenye chungu kilichopinduliwa ardhini moto ukiwa juu. Ni cha majira ya baridi tu, usikose!! Na mapishi yao mengi yana sukari kidogo, mama atapumua.

Daktari_wa_Mtaa: Muhimu, maji ya chupa yenye sili tu, barafu hapana, na chatini mbichi za barabarani mama asiguse mpaka daktari wake aseme sawa. Vyakula vya pakiti angalia alama, doa la kijani halina nyama, ya kahawia ina nyama.

BintiPangani: Asanteni sana. Na kupunguziwa pilipili nasemaje?

Charminar_Boy: Hyderabad na Ahmedabad sema "mirchi kam". Chennai Kihindi hakikusaidii sana, sema "kaaram kammi", na sema kabla hawajaanza kupika.