Vifaa vya kuwindia elki bila kiongozi, Flat Tops, Colorado: fedha zianzie wapi?

Mgiriama wa Denver:
Habari zenu nyote. Ninaishi Denver kwa mwaka wa nane sasa, na kwetu ni Malindi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla sijazaliwa, kwa hiyo sikukua nikimwona mtu wa nyumbani akiwinda kwa kibali. Mwishoni mwa Oktoba, katika msimu wa pili wa bunduki, ninakusudia kupanda milima ya Flat Tops pamoja na rafiki yangu kuwinda elki, yaani yule ayala mkubwa wa Marekani ambaye dume lake hufikia kilo 300 na zaidi. Hatutakodi kiongozi wala farasi. Leseni ninayo, na cheti cha mafunzo ya uwindaji, ambacho Colorado humdai kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1949, nimekwisha kukipata. Bunduki yangu ni ya risasi za .308 (kipenyo chake ni milimita 7.8 hivi), yenye darubini ya kawaida ya kulengea. Zimebaki dola 1,200. Nimefikiria kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kubadilisha darubini, kununua mkokoteni mdogo wa magurudumu mawili wa kubebea nyama, na kuendelea na shanta langu la safari. Je, nimepanga sawasawa?

Babu wa Pangani:
Mwanangu, mkokoteni uache dukani. Sehemu kubwa ya Flat Tops ni nyika iliyohifadhiwa chini ya Sheria ya Nyika ya mwaka 1964, nayo haikatazi magari na pikipiki peke yake bali hata baiskeli na mikokoteni ya aina hiyo. Humo utabeba wewe, au atabeba mnyama.

Darubini nayo usiiguse. Kwa elki, Colorado inataka risasi yenye kipenyo kisichopungua milimita 6 na uzito usiopungua greni 85 (gramu 5.5 hivi), na .308 yako imevuka kiwango hicho kwa mbali. Mtu anayewinda kwa mara ya kwanza hana sababu ya kupiga mbali kuliko mita 200, na kwa umbali huo darubini ya kawaida inatosha, mradi umeijaribu uwanjani kwa risasi zilezile utakazowindia.

Hesabu yako ianzie kwenye nyama. Dume akishatolewa mifupa hukuachia kilo 90 hivi. Ukibeba kilo 22 au 23 kwa mara moja, hiyo ni mizigo minne. Na ikiwa gari liko umbali wa kilomita 5, mtu mmoja atashuka na mzigo mara nne na kupanda mikono mitupu mara tatu, jumla kilomita 35, katika hewa nyepesi ya mita 3,000. Mkiwa wawili, kila mmoja atatembea 15. Hapo ndipo utakapojua kilichostahili fedha zako.

Mwaka wangu wa kwanza nilitia paja zima la nyuma, pamoja na mfupa wake, ndani ya shanta la kitambaa kitupu. Mshono wa mkanda wa bega la kushoto ukaachia nikiwa katikati ya kijito, na kwa saa mbili zilizobaki nilitembea nimelikumbatia paja lile kifuani mithili ya mwizi wa mbuzi. Nunua shanta lenye fremu ngumu na mkanda mpana wa kiunoni, lile ambalo mfuko wake hutenganishwa na fremu ili nyama ikae katikati, karibu na uti wa mgongo, na uzito uangukie nyongani badala ya mabegani. Ipo hata kampuni ya Marekani iitwayo Kifaru inayotengeneza mashanta ya namna hiyo. Jina ni la kwetu, ila bei zake nazo zina pembe. Tenga dola 500 au zaidi. Zinazofuata ni za buti, na buti uzivae tangu sasa. Mimi bado hupendelea kuacha mfupa ndani ya paja, kwa sababu hufungika vizuri kwenye fremu.

Mama Shani:
Kaka, kuhusu shanta Babu amemaliza, lakini katika suala la mfupa sikubaliani naye. Paja la elki ni nene mno, na joto hujificha karibu na kiungo cha nyonga. Nyama huanza kuharibika hapo hata kama usiku kuna barafu. Mchune mara moja, toa mapaja, mabega na sarara bila kupasua tumbo, kisha mgeuze upande wa pili. Ikiwa hutafika garini siku hiyohiyo, toa mifupa. Kumbuka tu kwamba sheria inataka alama ya jinsia, ya kuonyesha kama ni dume au jike, ibaki imeshikamana kiasili na sehemu ya nyama, basi usiikate kwa haraka ya kazi.

Mifuko ya nyama iwe ya kitambaa kinachopitisha hewa, kamwe isiwe ya plastiki. Chukua kamba nyepesi ya mita 15 ili utundike nyama kivulini, mbali na mzoga, maana dubu weusi wapo. Kisu kimoja hakitoshi, kwa kuwa manyoya ya elki hula makali upesi. Beba viwili, au kimoja chenye nyembe za kubadilisha. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba, kwa sababu kazi hii humalizika gizani. Nguo za pamba ziache Denver, vaa sufu. Mtungi wa gesi lala nao ndani ya mfuko wa kulalia, la sivyo alfajiri jiko litakohoa tu na chai hutaiona. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti msikose, hata kwa kuazima.

Abu Salim:
Sijui dini yako, ndugu, lakini rafiki yako akiwa Mwislamu, jina la Mwenyezi Mungu hutajwa wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa yu hai huchinjwa. Kisu basi kikae kiunoni, kisifukiwe chini ya shanta. Vazi la rangi ya chungwa linalong'aa lisipungue inchi za mraba 500, na kofia yake juu. Lenye mabaka ya kujifichia halihesabiwi. Tena shanta kubwa hulifunika vazi lote mgongoni, kwa hiyo funga kitambaa cha rangi hiyo juu ya mzigo, hasa ukibeba pembe.

Mgiriama wa Denver:
Nimewaelewa, na rafiki yangu kweli ni Mwislamu. Darubini nimeisamehe. Jumamosi nitakwenda dukani na mfuko wa mchele wa kilo 23, niwaombe wanifungie kwenye kila fremu niliyoikusudia, nipande na kushuka ngazi zao kabla ya kutoa hata senti.